Bega la mama limesagika: bamia, sindano au upasuaji?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 64, ni mama lishe wa siku nyingi hapa Morogoro. Bega la kulia linamsumbua huu mwaka wa pili. Usiku hawezi kulilalia, na siku hizi hata kuchana nywele au kufunga sidiria hawezi. Tulimpeleka eksirei tukaambiwa bega limesagika. Anatumia dawa za presha, na duka la dawa wanamuuzia diklofenaki. Jirani anamwambia anywe maji ya bamia ili uteute urudi, mwingine anasema ipo sindano ya uteute, shangazi naye anataka tuchange apelekwe India akawekewe bega la bandia. Mimi nilidhani kusagika ni habari ya magoti. Hivi kwenye mabega wanaougua ni wengi? Na tiba yake hasa ni ipi? Halafu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26 na ana sikoseli, naye tangu mwezi uliopita analalamika bega. Ni ugonjwa wa kurithi?

Jibu: Marahaba. Nianze na huo mshangao wako. Mabega husagika, ila kwa wingi hayafikii magoti hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na ugonjwa wa kusagika viungo, na kwa milioni 365 goti ndilo lililoathirika. Nyonga na vidole vya mikono vinafuata. Bega liko nyuma ya hivyo vyote kwa sababu hatulitembelei. Goti linabeba mwili kila hatua, wakati bega kazi yake kubwa ni kuufikisha mkono popote unapotakiwa.

Ukitaka idadi ya mabega yenyewe, inategemea unahesabu nini. Watafiti wa Korea Kusini waliwapiga picha wazee wa miaka 65 na kuendelea, wakakuta takriban 16 katika kila 100 wana alama za kusagika bega. Hizo ni picha, na wenye picha mbaya si lazima wawe ndio wenye maumivu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mdogo ambao napenda kuwasimulia wagonjwa: wanaume 51 wa miaka 40 hadi 70, wote hawana malalamiko yoyote ya bega, walipimwa kwa ultrasaundi. Asilimia 96 walikutwa na kasoro ya namna fulani. Asilimia 65 walikuwa na kiungo cha juu ya bega kilichosagika, na wenyewe hawana habari.

Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa "bega limesagika" mimi hainitoshi. Nitauliza: kiungo kipi? Bega lina viungo zaidi ya kimoja. Kipo kidogo juu kabisa, pale mtulinga unapokutana na ncha ya kombe la bega, unaweza kukipapasa kwa kidole. Hicho husagika kwa watu wengi sana wanaoingia utu uzima, na mara nyingi kimyakimya. Kikisumbua, mgonjwa hukionyesha kwa kidole kimoja: hapa. Kiungo kikuu kiko ndani zaidi, kichwa cha mfupa wa mkono kinapokutana na kombe. Kikisagika hicho, mgonjwa haonyeshi kwa kidole. Anashika bega zima kwa kiganja, na mara nyingi anashuka nacho mpaka nusu ya mkono wa juu. Mwangalie mama anavyoonyesha.

Kisha mfanyie kipimo hiki leo jioni, hakihitaji mashine. Akae kwenye kiti, viwiko vyote viwili vibane mbavuni, mikono ikunjwe mbele, vitanga vikitazamana. Mwambie aipeleke mikono nje, mmoja kulia mwingine kushoto, bila viwiko kubanduka mbavuni. Linganisha pande mbili. Halafu ushike wewe mkono wa kulia, yeye alegee kabisa, uupeleke nje polepole mpaka unapogoma. Usilazimishe.

Ikiwa mkono unaenda mbali vizuri ukiupeleka wewe, ila mwenyewe hana nguvu ya kuupeleka au kuuinua, fikiria kano. Kuna kano nne zinazokumbatia kichwa cha mfupa, na wengi wa wanaokuja kliniki na bega la kuuma wana tatizo hapo, si kwenye kusagika. Ikiwa mkono unagoma hata ukipelekwa na mtu mwingine, basi yanabaki mawili ya kufikiria sana: bega lililosagika, au bega lililoganda. Bega kuganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wenye kisukari. Mfuko unaozunguka kiungo unavimba ndani, unanenepa, unakaza. Picha ya eksirei huwa safi, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Lipo na la tatu, la nadra: bega lililoteguka kwenda nyuma baada ya kuanguka au kifafa, na hakuna aliyegundua. Mama amewahi kupimwa sukari? Amewahi kuanguka na kuangukia mkono huo? Majibu ya maswali haya mawili uende nayo kwa daktari.

Kuhusu picha, angalia kama walipiga moja tu ya mbele. Omba na ile ya kwapani, mkono ukiwa umetanuliwa kidogo kwa kadiri anavyoweza. Ya mbele inaonyesha kama nafasi kati ya mifupa imebana, na kama kuna mfupa ulioota chini ya kichwa cha bega ukaning'inia, ambao madaktari wa mifupa huuita ndevu za mbuzi. Ya kwapani ndiyo inayoonyesha kama kichwa kimesogea nyuma na kulila kombe upande huo, jambo ambalo daktari wa upasuaji lazima alijue. Kama kwenye picha zote mbili nafasi bado ipo na ndevu hazipo, hiyo kauli ya "limesagika" ina walakini.

Sasa tuchukulie kuwa ni kweli, kiungo kikuu kimesagika. Dalili ulizotaja zinaelekea huko: umri, miaka miwili ya kuongezeka polepole, usiku, na kushindwa kupeleka mkono kichwani na mgongoni.

Bamia kwanza, maana naona hii habari imeenea nchi nzima. Ule utelezi wa bamia ni aina ya wanga na nyuzinyuzi. Ukifika tumboni unameng'enywa au unapita kwenda choo, hauna njia ya kutoka utumboni ukatiririka mpaka begani. Ute wa kiungo unatengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe, kutoka kwenye damu. Na tena kiungo kilichosagika mara nyingi hakijakauka. Tukikichoma sindano tunaweza kuvuta ute mwingi kuliko kawaida, ila umekuwa mwepesi. Kinachopungua ni gegedu, ile ngozi laini nyeupe inayofunika ncha za mifupa. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika hairudi. Haina mishipa ya fahamu pia. Maumivu anayoyasikia mama yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando uliovimba na kwenye mfuko uliokaza, na hivyo vinaweza kutulizwa hata kama gegedu imeisha. Bamia aendelee kula, ni mboga nzuri.

Sindano ya uteute ni hadithi nyingine, maana ipo kweli na inauzwa ghali. Mwaka 2020 Chuo cha Madaktari Bingwa wa Mifupa cha Marekani kilitoa mwongozo wa tiba ya bega lililosagika, na kuhusu sindano hii kimeandika kwamba ushahidi wenye nguvu unaonyesha haina faida. Si mara nyingi mwongozo unasema jambo waziwazi namna hiyo. Sindano za chembe sahani za damu, yaani zile chembe zinazosaidia damu kuganda, na zile zinazoitwa za seli shina hazijapata ushahidi wa kutosha kuzitetea begani. Fedha ya mama lishe nisingeielekeza huko.

Diklofenaki ndiyo inayonipa wasiwasi. Si dawa mbaya, inatuliza kweli. Lakini mama ana presha na miaka 64. Diklofenaki inapandisha presha, inabana figo, inachubua tumbo, na kwa mwenye matatizo ya moyo inaongeza hatari. Angalia makopo ya dawa zake za presha. Kama kuna losartani, au dawa inayoishia na "-prili", na pamoja nayo kidonge cha kukojoza kama hidroklorothiazidi, basi kuongeza diklofenaki juu yake kila siku ni kuziwekea figo mzigo wa watu watatu. Akianza kuvimba miguu, kukojoa kidogo, au kupata choo cheusi kama lami, asimamishe na aende hospitali siku hiyohiyo. Jambo jingine la kuangalia kwenye boksi: vidonge vingi vya diklofenaki vimechanganywa na parasetamo ndani yake, na mtu akiongeza parasetamo juu anazidisha bila kujua. Na zile sindano za diklofenaki za matakoni achana nazo. Hazitibu zaidi ya kidonge, na nimeona watu wamebaki na mguu unaoburuta kwa sababu sindano iligusa mshipa wa fahamu.

Badala yake, parasetamo gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, mara 3 kwa siku isizidi, kwa siku ambazo bega limekasirika. Nguvu yake kwenye kusagika ni ndogo, sitakudanganya, ila kwake ni salama zaidi kama ini ni zima. Dawa za kuchua zinaweza kutuliza juujuu, ingawa kiungo hiki kiko ndani sana kuliko goti. Diklofenaki au ibuprofeni ya kumeza ibaki kwa vipindi vifupi, dozi ndogo, chini ya daktari aliyepima presha na figo, na pamoja na dawa ya kukinga tumbo. Na kama kuna mtu amemletea unga wa mitishamba unaoondoa maumivu yote ndani ya siku mbili, nao uende hospitali pamoja naye. Unga wa namna hiyo umekamatwa sehemu nyingi duniani ukiwa umetiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, bila kuandikwa. Uso ukianza kuwa mviringo, hamu ya kula ikapanda na presha ikagoma kushuka, shuku hilo, na asiache ghafla bila daktari, kwa sababu mwili ukishazoea steroidi kuikatisha mara moja ni hatari.

Mazoezi ndiyo tiba ya kwanza, na ndiyo watu wanayoidharau kwa sababu haina boksi. Aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia hata mara chache, afundishwe, kisha afanye nyumbani. Mkono uning'inie mbele akiwa ameinama na kushika meza, uyumbe taratibu. Fimbo au mpini wa ufagio ushikwe kwa mikono miwili akiwa amelala chali, mkono mzima uusukume mgonjwa kwenda nje na kwenda juu. Makombe ya mgongoni yabanwe pamoja na kuachiwa. Kipimo cha kiasi ni rahisi: maumivu yanayotulia ndani ya saa moja yanavumilika, yanayomkesha usiku maana yake alizidisha, kesho apunguze. Bega ambalo mifupa inasagana tayari halitaki mtu wa kulivuta kwa nguvu. Wachuaji wa mtaani wanaolikunja mpaka "liachie" wanaweza kulivunja.

Na jikoni kwake? Sijui kama kuna aliyemuuliza, lakini pale ndipo bega linapoumizwa kila siku. Sufuria la ugali likiwa juu ya jiko refu, kiwiko kinapaa na bega linafanya kazi yote. Jiko lishuke, au yeye asimame kwenye kitu imara kisichoteleza, ili kiwiko kibaki karibu na mbavu na nguvu itoke kiunoni. Mwiko mrefu, mikono miwili. Kusonga sufuria kubwa apewe kijana. Vyombo vya kila siku viteremke kutoka rafu ya juu hadi usawa wa kiuno. Akivaa gauni, mkono mgonjwa uingie kwanza, na akivua utoke mwisho. Sidiria aifunge mbele kisha aizungushe. Usiku alale kwa ubavu wa kushoto, mto mbele ya kifua, mkono wa kulia uegemee juu ya mto usianguke. Hayo hayagharimu kitu, na wagonjwa wengi usingizi huwarudia kwa ule mto kabla ya dawa yoyote.

Kama wiki kadhaa za hayo hazitoshi, ipo sindano ya steroidi ndani ya kiungo. Si ya matakoni. Ichomwe na daktari anayejua kulenga, ikiwezekana kwa kuongozwa na ultrasaundi, kwa sababu bila kuona ni rahisi kukosa. Inatuliza kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi mitatu hivi, na nafasi hiyo itumike kwa mazoezi. Isirudiwe kila mwezi. Kama ana kisukari, sukari itapanda kwa siku kadhaa, ajiandae. Na kama upasuaji uko karibu, isichomwe ndani ya miezi mitatu kabla, maana inaongeza hatari ya kiungo cha bandia kuingia wadudu.

Tuje kwa shangazi na India. Bega la bandia si jambo la majaribio. Mfaransa Jules Péan aliweka la kwanza Paris mwaka 1893 kwa mwoka mikate aliyeliwa bega na kifua kikuu, la platinamu na mpira mgumu. Lilidumu miaka miwili likatolewa kwa maambukizi. Haya ya sasa yanatokana zaidi na kazi ya Charles Neer wa New York tangu miaka ya 1950. Yapo ya aina mbili unazopaswa kuzijua. La kawaida linafuata maumbile: kichwa cha chuma juu ya mfupa wa mkono, kikombe cha plastiki kwenye kombe. Linafaa kama zile kano nne ni nzima. La kinyume, alilolibuni Paul Grammont huko Dijon, Ufaransa, mwaka 1985, linageuza: tufe linawekwa kwenye kombe na kikombe kwenye mkono, ili msuli mkubwa wa nje ya bega uinue mkono peke yake hata kama kano zimechanika. Ndiyo maana kabla ya kuzungumza bei lazima mtu apime kano za mama. Daktari anayetaja bei kabla ya hapo, muulize anataka kuweka lipi na kwa nini.

Matokeo ni mazuri, hasa kwa maumivu. Takwimu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa baada ya miaka 10, mabega ya bandia 9 katika 10 yalikuwa bado hayajahitaji kurudiwa. Lakini kwa wanaume waliowekewa wakiwa na miaka 55 hadi 59, karibu mmoja kati ya wanne angehitaji kufanyiwa upya kabla ya kufa, na sehemu kubwa ya hatari hiyo iko katika miaka 5 ya mwanzo. Kadiri mtu anavyowekewa akiwa mkubwa zaidi, ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye meza ya upasuaji unavyopungua. Mama kwa miaka 64 hajachelewa na hana haja ya kukimbizwa. Mimi ningefikiria upasuaji kama picha inaonyesha mifupa inagusana, usingizi hauji, na amekwishafanya miezi kadhaa ya mazoezi na mabadiliko ya jikoni kwa dhati. Maumivu na kushindwa kufanya mambo yake ndivyo vinavyoamua. Picha peke yake haimpeleki mtu mezani.

Kabla ya kuchanga, aonwe Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa rufaa kutoka hospitali ya mkoa. Mwulize daktari mambo manne: aina gani ya bega, ameshaweka mangapi ya aina hiyo, nani atasimamia fiziotherapia, na ikitokea shida nani atalifungua tena. Hilo la mwisho ndilo linalonitia shaka kwenye safari za India. Baada ya upasuaji mkono unakaa kwenye tanji, kitambaa kinachoning'inizwa shingoni, kwa wiki 4 hadi 6, kisha miezi ya mazoezi. Bega la bandia pia linaweza kupata maambukizi ya kimyakimya kutoka kwa bakteria wa kwenye ngozi ya kwapa, wasioleta homa wala usaha, yakajulikana baada ya mwaka. Wakati huo aliyeliweka yuko mbali na nauli imeisha.

Nimefika kwa mdogo wako, na hapa naomba usisubiri kama ulivyosubiri kwa mama. Kusagika kwa bega la uzeeni kuna sehemu ya kurithi, ndiyo, lakini kijana wa miaka 26 hafiki huko kwa njia hiyo. Alichorithi ni sikoseli, kwa wazazi wote wawili, kama watoto wapatao 11,000 wanaokadiriwa kuzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Kwenye sikoseli, seli nyekundu za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa. Kichwa cha nyonga ndicho kinachoathirika zaidi, kisha kichwa cha bega: sehemu ya mfupa inakufa, inabonyea, na kiungo kinasagika kabla mtu hajafika miaka 40. Mwanzoni eksirei inaweza kuonyesha bega safi kabisa wakati mfupa tayari umekosa damu. Kwa hiyo akiambiwa picha haina kitu na bado anaumwa, aombe kipimo cha MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku. Kikigundulika kabla kichwa hakijabonyea, kuna nafasi ya kupunguza mzigo, kufanya mazoezi, na kuzungumza na kliniki yake ya sikoseli kuhusu hidroksiyurea, dawa ya sikoseli, kama haitumii.

Yeye naye asizoee diklofenaki, maana sikoseli yenyewe inachosha figo. Na kama maumivu yamekuja pamoja na homa, au bega limevimba na lina joto, inaweza kuwa maambukizi ndani ya mfupa, ambayo wenye sikoseli huyapata kwa urahisi kuliko wengine. Hiyo ni ya kwenda hospitali leo, si kesho. Hata kama hana homa, wiki hii mpeleke yeye kwanza. Mama anaweza kuanza na mto na ule mpini wa ufagio.